Mzee wa Kanisa na Beseni la Bibi

Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Wapo watakaoyasema hayo siku ya mazishi yake, tena kwa kipaza sauti, na watamsifu mpaka wapishi waache moto. Mimi nasema ninayoyajua. Kwetu huku upande wa Kihanga tulimwita Mzee wa Kanisa, ingawa wazee wa kanisa walikuwa wengi na wengine wote tuliwataja kwa majina yao. Yeye cheo kilimganda, na nadhani alikipenda kuliko jina alilopewa na mama yake.

Simpendi. Afadhali niliseme mapema, asije mtu akafika katikati akashangaa. Sijampenda tangu nikiwa msichana wa kwaya, na nilipokuwa mtu mzima mwenye duka langu la picha na fotokopi pale Kayanga, nilipata sababu ya kumchukia kabisa.

Alikuwa na maneno mawili aliyoyatumia kila siku. La kwanza ni "utaratibu". Ukichelewa ibadani, utaratibu. Ukiwahi ukakaa kiti cha mbele, utaratibu. Mama mmoja alizimia kanisani kwa njaa na joto, watu wakamkimbilia, naye akasimama akisema tusitoke wote kwa mlango mmoja, tuwe na utaratibu. La pili ni "nasema kwa upendo". Hilo ukilisikia, jiandae, kwa sababu hakuna tusi lililotoka kinywani mwake bila kutanguliwa na upendo. "Nasema kwa upendo, dada, hiyo sketi umeiazima kwa mtoto wako?" Watu walicheka. Hata waliotukanwa walicheka, maana ukinuna atakuombea kwa jina mbele ya wote.

Siku za mnada ndipo alipofurahi. Wanaotujua wanajua kuwa kwetu mtu asiye na hela mkononi huleta sadaka ya shambani, mkungu wa ndizi, maharage, kahawa, yai, kuku, na baada ya ibada vitu vinanadiwa pale nje. Mnadishaji alikuwa yeye, na kwa kweli alikuwa na kipaji. Alijua nani ana mkungu mzuri kaficha nyumbani akaleta uliokonda. Aliuinua juu ule uliokonda akauzungusha ili kila mtu auone, kisha akamtazama mwenyewe. Mara moja alimshika miguu kuku wa mama yangu, akamning'iniza. "Waitu, ndugu zangu, huyu anahitaji maombi kuliko sisi!" Mama alicheka na wenzake. Tulipofika nyumbani alikaa jikoni akamenya ndizi, na sijasahau mgongo wake siku ile.

Rubisi, pombe yetu ya ndizi, aliipiga vita. Alisimamisha watu ushirika kwa kunusa tu midomo yao mlangoni. Lakini nenda nyuma ya nyumba yake uone, bonde zima ni ndizi za pombe, na wanunuzi walikuja na pikipiki mchana kweupe kuzibeba. Nilimuuliza mwenyewe siku moja, maana mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Akasema yeye anauza ndizi, wanachofanya wenzake na ndizi ni kati yao na Mungu.

Na hapa ndipo anaponiudhi zaidi, kwa sababu hakuwa mbaya kwa utaratibu. Baba alipofariki, mtu wa kwanza kuingia uani kwetu alikuwa yeye, ana panga na kamba, kabla hata ya ndugu wa damu. Alikata miti, akafunga turubai, akachimba kaburi mpaka udongo ukamfika masikioni. Hakusema neno moja la kuudhi siku zote za matanga. Alimshika mama mkono alipokuwa anataka kuanguka. Ukishazoea kumchukia mtu, halafu akakufanyia hivyo, unabaki unamchukia kwa shida. Nilimshukuru. Jumapili iliyofuata akamwambia mama, kwa upendo, kwamba mjane hapaswi kuvaa kitambaa chenye maua.

Sasa beseni.

Beseni lilikuwa la Bibi, mama yake baba, ambaye bado yupo nami hadi leo, macho yameisha lakini masikio ni ya panya. Bibi alizaliwa kwenye nyumba ya Waislamu wafanyabiashara, upande wa Bukoba. Alipoolewa na babu, Mlutheri mwenye shamba lake la ndizi na kahawa, alibatizwa, na ndugu zake wakamsusa miaka mingi. Kitu pekee alichokuja nacho kutoka kwao ni beseni la baba yake, ambalo nalo lilifika huku na wafanyabiashara wa zamani waliotoka pwani. Lilikuwa la shaba ya njano, zito, pana kiasi cha kumkalisha mtoto mchanga. Fundi aliyelitengeneza, huko kusikojulikana, alichimba mifereji myembamba kwenye ubavu wake, akagongelea ndani ya mifereji nyuzi na vibapa vya fedha, na palipobaki akajaza kitu cheusi kama lami ili fedha itokeze. Kulikuwa na bata wanaoruka. Kulikuwa na mtu juu ya farasi amevuta upinde. Na kuzunguka lote, urefu wa kidole, kulikuwa na mstari wa michoro iliyosimama wima, mingine imeinama kidogo. Sisi watoto tulisema ni watu wanakwenda kisimani.

Bibi alijua kuwa si watu. Baba yake alimwambia ni maneno, na kwamba mwishoni kabisa, baada ya maneno mazuri, ndipo anapotajwa mwenyewe. "Ukikua nitakusomea," alimwambia. Akafa Bibi hajakua.

Kanisa lilipokosa chombo cha ubatizo, maana kile cha bati kilitoboka, Bibi alilitoa beseni lake. Hakuficha kitu. Hakuna aliyemuuliza michoro ile ni nini, naye hakuona sababu ya kueleza. Alifurahi tu kwamba kitu cha baba yake kinatiwa maji na kuombewa, badala ya kukaa uvunguni na viazi. Tulibatizwa humo kijiji kizima, na waliohamia Nyakakika na Kyerwa walirudi na watoto wao wabatizwe humo. Mtoto wa pekee wa Mzee wa Kanisa alibatizwa humo.

Bibi alipoanza kuzeeka sana aliniita. "Mjukuu wangu, nataka kulisikia lile beseni kabla sijaondoka. Nataka kusikia lilisema nini, na mwisho wake limemtaja nani." Ndugu zake waliomsusa walishakufa, aibu ya kwenda kwa shehe ilikuwa imemwisha. Nikasema hilo ni jambo dogo, nitalipiga picha pande zote nimpelekee mtu asome. Beseni lilikaa kwenye kabati la kanisa, na ufunguo ulikaa shingoni kwa nani? Nilimfuata. Akasema chombo kitakatifu kinatoka siku ya ubatizo tu. Nikamwambia ni chombo cha bibi yangu. Akasema kilikuwa. Utaratibu.

Wiki chache baadaye alifariki jirani yetu Mwislamu, mchinjaji, mtu aliyetuchinjia sote nyama ya Krismasi miaka yote. Mzee wa Kanisa alikwenda mazikoni kama kawaida yake, na akasaidia kubeba. Jeneza lilifunikwa shuka ya kijani yenye maandishi ya Kiarabu. Alitembea nyuma ya yale maandishi kutoka nyumbani hadi makaburini, macho yake yakiwa hapo hapo, na kabla hawajafika, wazo likamgonga kichwani. Hao watu wanaokwenda kisimani alishawaona mahali.

Mwingine angeuliza. Angemuuliza Bibi, angemuuliza mchungaji, angemuuliza hata shehe aliyekuwa amesimama naye pale kaburini. Yeye alirudi, akafungua kabati, akalifunga beseni kwa gunia na kulipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale senta. Fundi ni kijana muungwana, na baadaye alinieleza yote bila kuficha. Anasema aliwasha mashine ya kusagia, fedha ikaanza kuruka, akaizima. "Mzee, una hakika? Hii ni kazi ya watu." Akajibiwa, "Wewe saga." Akasaga. Bata wakaenda, farasi akaenda, maneno yakaenda. Akamalizia na msasa.

Jumapili likaletwa mbele linang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Mzee wa Kanisa akatangaza kuwa chombo kimesafishwa. Watu wengine walipiga makofi, Mungu awasamehe. Baada ya ibada nilimshika Bibi mkono nikampeleka. Macho yalikuwa bado yanaona ukungu ukungu, lakini alitumia vidole. Alilizungusha lote, taratibu, kisha akalizungusha tena.

"Yako wapi maneno yangu?"

"Nasema kwa upendo, mama," Mzee wa Kanisa akajibu. "Yale yalikuwa maandishi ya Kiarabu. Tumeyatoa."

"Uliyasoma?"

"Siwezi kuyasoma, mama."

"Sasa ulijuaje kama ni mabaya?"

Alilichukua beseni mikononi mwake akalirudisha kabatini na kufunga. Mimi nilisema maneno siku ile ambayo siwezi kuyaandika hapa, na nilisimamishwa ushirika kwa ajili ya maneno hayo. Sijutii hata moja.

Bibi aliacha kula vizuri. Hakulia, angelia ningejua la kufanya. Alikaa barazani anauliza, "Lilisema nini?" Anamuuliza nani? Nikaona bora nitafute. Kazi yangu ni picha, na kwetu hakuna ubatizo usiopigwa picha. Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba nikiomba albamu. Nilikwenda Nyakakika, nilipanda pikipiki hadi Kibingo kwa familia iliyohamia huko, nikanywa chai mpaka tumbo likapiga kelele. Kila nyumba ilinipa picha yake ya mtoto anayelia na maji yanayomwagika. Nilizikuza dukani. Picha hii inaonyesha ubavu huu, ile inaonyesha ubavu ule, na nikiziweka sambamba mstari unaendelea.

Nilimpelekea shehe wa Kayanga. Aliweka miwani, akasoma, akacheka kidogo, si kwa dharau. "Mzee wenu alikosea," akasema. "Hii si Kurani. Mafundi wa zamani, wa Mosuli, wa Dameski, wa Misri, waliandika hivi kwenye masinia na mabeseni. Ni kumtakia mtu mema tu. Kama hili ni la kwao hasa au la waliowaiga baadaye, sijui, na sasa hakuna wa kujua." Kisha akaniambia kitu nilichokicheka njia nzima. "Mwambie, kama hataki Kiarabu kanisani, aanze na baraka, na rehema, na dhambi, na ibada. Aone atabaki na nini cha kuhubiri."

Alinisomea, nikaandika. Lakini mwisho haukuwepo. Katika kila picha, mwisho wa mstari ulifunikwa na mkono. Mkono ule ule. Kanisa halikuwa na meza ya ubatizo, kwa hiyo aliyeshika beseni alikuwa mke wa Mzee wa Kanisa, marehemu sasa, mama mpole ambaye hakuna aliyejua amewezaje kuishi naye. Ukingo wa beseni ulikuwa umebonyea mahali pamoja, na kiganja chake kilikaa hapo vizuri, na hapo ndipo maneno yalipoishia. Shehe alisema baada ya "kwa" ndipo huja mwenyewe, ama jina, ama neno tu la "mwenye chombo". Hawezi kukisia.

Palikuwa na ubatizo mmoja tu ambao mama yule hakushika beseni, kwa sababu alikuwa amemshika mtoto. Ubatizo wa mwanawe. Siku ile beseni liliwekwa juu ya stuli, watu wanakumbuka, na mpiga picha alikuja. Kwa hiyo ilibidi niende kwa mtu nisiyesalimiana naye.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anapogolea kahawa. Amekwisha. Shati limekuwa kubwa, mikono inatetemeka, lakini kila tawi alilokata lilikuwa ndilo la kukatwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuomba kurudishwa ushirika?"

"Nimekuja kuomba picha."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea, kisha akaingia ndani. Alikaa humo muda mrefu. Alirudi na albamu iliyofungwa kwa mpira wa tairi, akaniwekea magotini.

Picha ilikuwepo. Mchungaji, mama na mtoto, yeye mwenyewe akiwa na nywele nyeusi. Na chini, palipokuwa na stuli na beseni, palikuwa na tundu. Limekatwa kwa mkasi, kwa uangalifu, kwa kuzunguka.

"Nilikata, kipande nikakitia jikoni," akasema. "Siku ile ile niliporudi kutoka makaburini. Mwanangu aliacha kanisa, akaenda Uganda, hapigi simu. Nikasema ni hili. Ni maji ya hili beseni ndiyo yamemharibu."

"Na zingine?"

"Zingine zote zenye beseni nilichoma."

Mawe, mama wee! Nilitaka kumpiga na ile albamu. Safari zote zile, na Bibi amekaa barazani, na mwisho wa maneno yake uliishia kwenye jiko la huyu mzee. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti, na jirani akachungulia. Hakunijibu utaratibu wala upendo. Aliitazama simu yangu niliyokuwa nimeishika, ambayo bado ilionyesha moja ya picha za watu, akanyoosha kidole. Mkewe, mwenye kilemba cheupe, anacheka na mtoto wa watu.

"Hii umeipata wapi?"

Nikaelewa. Alipochoma picha za beseni alimchoma na mkewe. Mama yule hakuwa mtu wa kupigwa picha. Alipigwa akiwa kazini, ameshika beseni, basi. Miezi michache baadaye akafa. Mzee wa Kanisa alibaki na ile moja yenye tundu, ambayo mke wake ameinamisha uso kumtazama mtoto na huoni ila kilemba. Akaniuliza kama ninazo nyingine. Nikamwambia ninazo nyingi. Akaniomba, kwa heshima, akaniita mama, kitu ambacho hajawahi kuniita.

Sikumhurumia, na sitadanganya hapa nionekane mtu mwema. Nilimwambia picha zimeshachapishwa, ziko kwa Bibi, na Bibi ndiye mwenye beseni, kwa hiyo ndiye mwenye picha. Akitaka aende mwenyewe, na akamwambie mwenyewe mwisho wa maneno uko wapi. Akasema miguu haifai. Nikasema pikipiki zipo.

Alikuja Jumamosi, mchana, amevaa koti. Bibi alikuwa kwenye kiti chake barazani, bahasha ya picha iko mapajani. Alimtambua kwa kikohozi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta mwisho?"

Alisimama pale, kofia mkononi. Nilimtazama nione kama atadanganya. Ilikuwa rahisi sana kumtajia Bibi jina lolote, jina la baba yake, na Bibi angekufa na furaha. Nilikuwa nimeshalifikiria mimi mwenyewe njia nzima kutoka kwake, nikashindwa.

"Sina, mama," akasema. "Ulikuwa kwangu, nikaukata. Mwingine nikauchoma. Mwingine nikaupeleka kwa fundi."

Kuku walipita. Kisha Bibi akaniambia nimpe Mzee kiti, na nimpe ile karatasi niliyoandika kwa shehe.

"Wewe unajua kusoma kwa sauti," Bibi akamwambia. "Umetusomea miaka yote. Haya, nisomee na mimi."

Alivaa miwani. Karatasi aliishika kwa mikono miwili. Alisoma kwa ile sauti yake ya kanisani, ambayo haijazeeka: "Utukufu udumuo, na umri wa salama, na bahati ipandayo, na baraka, na afya isiyokatika, kwa..."

Akashusha karatasi.

"Kwa nani?" Bibi akauliza.

"Mama, sijui. Ndipo nilipofuta."

Alinyoosha mkono kuelekea bahasha. Bibi aliisikia ile nguo ya koti ikisogea, akaweka kiganja chake juu ya bahasha.

"Picha utazichukua ukimaliza," akasema. "Soma tena."